Mafuta, grisi, unga au nta: magazini ya ngoma ya bunduki ya zamani inataka nini?

Magazini nyingi za ngoma zinazokwama hazikukosa mafuta, zimekwamishwa na mafuta. Mtu anapata ngoma ya zamani, anaisikia inakwaruza, anamimina oili mdomoni mpaka inatulia. Miaka inapita, oili inashika vumbi na masizi ya baruti, inageuka utomvu mweusi, na springi iliyowekwa isukume risasi inabaki kupigana na huo utomvu. Kwa hiyo kabla hujauliza utumie kilainishi gani, jiulize ni cha sehemu ipi ya ngoma, na kama ngoma hiyo itazunguka au itakaa kabatini.

Hapa nalinganisha vitu vinne ambavyo watu huvitumia kweli: mafuta mepesi, grisi, unga mkavu na nta. Nimeongeza usafishaji na uhifadhi kwa sababu kilainishi kizuri juu ya uchafu ni kazi bure. Yote yanahusu ngoma tupu, iliyotolewa kwenye bunduki, mikononi mwa anayeimiliki kihalali, awe mkusanyaji, mtunza makumbusho au fundi mwenye leseni. Usiamini mdomo wa ngoma ulio mtupu. Springi ikiishiwa nguvu au rota (gurudumu la ndani linalosukuma risasi) ikikwama, risasi hubaki ndani bila kufika mdomoni. Fungua, angalia kwa macho, kisha ndipo uanze.

Ngoma zenyewe hazifanani

Kuchagua kilainishi bila kujua ngoma iliyo mezani ni kubahatisha, maana vilivyomo ndani vinatofautiana sana.

Chukua bunduki ya Thompson, M1921 na M1928. Ngoma zake ni za aina mbili: L ya risasi 50 na C ya risasi 100, na herufi hizo ni tarakimu za Kirumi tu. Ndani kuna rota yenye mikono inayozisukuma risasi kwenye njia ya kujizungusha, na katikati kuna springi ya mkanda uliojikunja. Unaijaza nguvu kwa ufunguo ulio usoni, na idadi ya milio ya ufunguo unayopaswa kuihesabu imechapwa kwenye bati. Haichomekwi kwa chini kama magazini ya kawaida. Inateleza kutoka ubavuni kwenye mifereji ya mwili wa bunduki, kwa hiyo msuguano upo mahali pawili: kwenye mhimili ndani, na kwenye kingo za bati nje. Toleo la M1 la mwaka 1942 liliachana na ngoma kabisa na kubaki na magazini nyoofu, jambo ambalo linafaa kukumbukwa na anayenunua ngoma kabla ya kuwa na bunduki ya kuiweka.

Ngoma ya bunduki ya PPSh-41 ya Kisovieti inachukua risasi 71, na ilifuata ile ya bunduki ya Suomi KP/-31 ya Ufini. Kifuniko cha mbele kinatoka, springi unaivuta kwa mkono kutoka ndani, na risasi unazisimamisha katika duru mbili. Kwa mtunzaji hii ndiyo ngoma rafiki kuliko zote, kwani ukitoa kifuniko unaona karibu kila kitu. Tatizo lake ni jingine: ngoma zilikuwa zikilinganishwa kiwandani na bunduki moja moja, na iliyokaa vizuri kwenye hii huenda isikae kwenye ile. Ukiona ngoma ya PPSh inagoma kuingia au inayumba, weka chupa ya mafuta pembeni kwanza. Hakuna kilainishi kinachotibu vipimo visivyolingana.

Halafu kuna magazini ya bunduki ya Lewis. Wengi huiita ngoma kwa sababu ni ya mviringo, lakini ni sahani: ya risasi 47 kwa askari wa miguu, au 97 kwa matumizi ya ndegeni. Ndani yake hamna springi hata moja. Inazungushwa na mkono wa kulisha ulio kwenye bunduki, unaoendeshwa na mwendo wa bolti, kile kipande kinachokwenda mbele na nyuma bunduki inapopiga. Upande wa chini uko wazi, kwa hiyo vumbi linaingia lipendavyo, na kitovu chake ni cha aluminiamu chenye mfereji uliojiviringisha. Hicho kitovu kikumbuke, kitarudi tukifika kwenye grafaiti. Bunduki ya DP-27 ya Degtyaryov nayo ina sahani ya risasi 47 na ukiziweka pamoja mtu asiyezijua atadhani ni ndugu, ila ya DP ina springi yake yenyewe. Anayeihudumia DP kama Lewis ataacha springi bila kuiangalia, na anayeihudumia Lewis kama DP atamwaga mafuta mahali pasipo na kitu cha kulainisha.

Ngoma ya konokono ya Kijerumani, TM08, ya risasi 32, ilitengenezwa kwa ajili ya bastola ya Luger ya mtutu mrefu na baadaye ikatumika kwenye bunduki ya MP18 ya mwaka 1918. Shingo yake ni ndefu na nyembamba, kitambaa hakifiki chote. Kwa ngoma hii kosa la mafuta mengi ni gumu mno kulirekebisha. Na ile ngoma ya bunduki ya MG 34 ya risasi 50 ni sanduku la mviringo la kubebea mkanda tu. Bunduki yenyewe ndiyo inayouvuta mkanda. Hiyo inahitaji kinga dhidi ya kutu na basi, tofauti na ngoma yake nyingine, ile pacha yenye umbo la tandiko ya risasi 75, ambayo ina springi ndani.

Mafuta mepesi na grisi

Ubishi mwingi uko hapa, na kwangu mafuta mepesi yanashinda karibu kila mahali.

Sababu iko kwenye springi. Springi ya ngoma ina nguvu nyingi inapokuwa imevutwa mpaka mwisho, na nguvu hiyo inapungua kadiri ngoma inavyokwisha. Risasi za mwisho husukumwa na springi iliyochoka. Chochote kinachoivuta rota nyuma hakionekani mwanzoni, kinaonekana mwishoni, pale mtu anapolalamika kwamba ngoma "inakataa risasi tano za mwisho" na kuilaumu springi. Grisi ni nzito kwa asili yake. Inahitaji kusukumwa kabla haijaachia, na kwenye baridi inazidi kuwa ngumu. Ukiipaka kwenye mhimili, kwenye mikono ya rota na kwenye njia ya risasi, umeiongezea springi mzigo katika sehemu tatu.

Mafuta mepesi yanaingia kwenye nafasi nyembamba kati ya mhimili na kitundu chake na kukaa humo kwa mvuto wa nafasi yenyewe. Tone moja linatosha. Namna nzuri ya kuliweka ni kuchovya sindano ya kushonea kwenye chupa, kuitoa ikiwa na tone linaloning'inia nchani, na kuligusisha kwenye mstari ambapo mhimili unakutana na bati. Utaliona tone linanyonywa ndani, kimya, na bati linabaki na alama ndogo inayong'aa. Zungusha rota kwa mkono mara chache, kisha pangusa kilichotoka. Ukimwaga kutoka kwenye mdomo wa chupa hutaweza kupima, na kilichozidi kitateremka hadi kwenye njia ya risasi.

Kuna mafuta mepesi na mafuta mepesi. Mafuta ya cherehani ni masafi, hayana harufu, hayagandi upesi, na kwa mhimili ulio safi yanafanya kazi nzuri sana. Upungufu wake ni kwamba mengi hayana viungo vya kuzuia kutu, na yanatembea: unayaweka hapa, baada ya wiki yako pale. Mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki huwa na viungo hivyo vya kuzuia kutu, na ya sintetiki hubaki mepesi kwenye baridi na hayageuki gundi haraka. Kwa ngoma inayotumika, chagua ya bunduki. Kwa ngoma inayokaa mahali pakavu na kuzungushwa mara moja moja, ya cherehani hayana shida. Oili ya injini mpya inalainisha, hilo halina ubishi, lakini ni nzito kuliko inavyotakiwa. Oili ya injini iliyokwisha kutumika usiifikirie kabisa: ina masizi, chembe za chuma na asidi za mwako, yaani vitu vilevile ulivyokuwa unajaribu kuvitoa.

Grisi ina nafasi yake, ila ni ndogo. Meno ya gurudumu linalozuia springi isirudi nyuma, pamoja na ulimi wake, hugusana kwa nguvu kwenye sehemu ndogo sana, na hapo mafuta mepesi hukamuliwa yakatoka. Grisi ya lithiamu kwa ncha ya kijiti cha meno, kiasi cha kufanya meno yang'ae bila grisi kujaa kati ya jino na jino, inapunguza kulika. Kingo za ngoma ya Thompson zinazoteleza kwenye mifereji nazo zinaweza kupata utando mwembamba wa grisi, kama bunduki inatumika. Nje ya hapo, iache grisi kwenye kopo lake. Ikikaa miaka, grisi hutoa jasho: mafuta yanajitenga na kutiririka, inabaki sabuni iliyokauka ambayo huikuti imelainisha chochote.

Lipo jambo moja zaidi linaloyabana mafuta na grisi kwa pamoja, nalo ni njia ya risasi. Mafuta yakiwa mengi pale zinapopita risasi, yanazipaka risasi zenyewe, na yanaweza kupenya hadi kwenye fataki iliyo kitakoni mwa ganda na kuiua. Risasi inabaki inaonekana nzima, ila haiwaki. Mafuta yanayopenya sana ndiyo hatari zaidi kwa hili. Njia ya risasi iwe safi na kavu.

Unga mkavu: grafaiti, molibdenamu, teflon

Ukisema njia ya risasi iwe kavu, mtu mwerevu atakuuliza: kwa nini basi tusitumie kilainishi kikavu kila mahali? Hoja nzuri, na kwa ngoma zinazotumika kwenye vumbi vilainishi vikavu vinashinda mafuta waziwazi. Vumbi halina cha kunatia. Lewis, yenye tumbo lililo wazi, inafaidika kuliko nyingine zote.

Ila unga tatu hizi hazilingani. Grafaiti ni rahisi kupata na inateleza vizuri kwa msaada wa unyevu kidogo uliomo hewani. Kasoro yake ni kwamba inapitisha umeme, na ikikutana na chuma kingine penye unyevu inakuwa nusu ya betri ambayo nusu yake nyingine ni chuma chako. Aluminiamu ndiyo inayoumia zaidi. Kwa hiyo kile kitovu cha Lewis na grafaiti visikutane. Hata kwenye ngoma ya chuma tupu, grafaiti mahali penye joto na unyevunyevu ni kujitafutia kutu kwenye pembe usizoziona.

Molibdenamu disalfaidi haihitaji unyevu ili iteleze, na inavumilia mgandamizo mkubwa. Kwa meno ya gurudumu na ulimi wake, ukiisugua ndani ya chuma kilichosafishwa kisha ukapangusa ya ziada, inaweza kuchukua nafasi ya grisi kabisa. Inachafua mikono, nguo na meza kwa weusi usiotoka kirahisi, na kwenye ngoma ya maonyesho utakuta alama za vidole vyeusi usoni kabla hujamaliza kazi. Unga wa teflon ni msafi, mweupe, haupitishi umeme, na unafaa njia ya risasi kama kweli unahisi lazima uweke kitu. Uzuie tu usiwe mwingi, kwa sababu unajikusanya kwenye kona kama mafuta yanavyojikusanya.

Ambacho unga wote huu haufanyi ni kuzuia kutu. Chuma kilichopakwa unga ni chuma kitupu. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika: ngoma inazunguka laini, inapendeza mkononi, na ndani yake wekundu unaanza kuota kwenye ribiti. Ukichagua unga kwa ajili ya sehemu zinazotembea, lazima uchague kitu kingine kwa ajili ya sehemu zilizobaki.

Nta au utando wa mafuta kwa upande wa nje

Kitu hicho kingine kwangu ni nta. Si nta ya sakafu wala ya viatu, bali nta ya chembe ndogo inayotumiwa na makumbusho. Iliyo maarufu zaidi, Renaissance, fomula yake ilitoka kwenye maabara ya British Museum miaka ya 1950, na hadi leo watunza vyuma wengi wanaiweka karibu.

Linganisha na mafuta. Mafuta kwenye uso wa ngoma hushika vumbi, hutoka kwa kushikwa, na huteremka yakaiacha sehemu ya juu tupu na ya chini imelowa. Nta ikipakwa nyembamba na kung'arishwa kwa kitambaa cha pamba inakuwa utando mkavu. Unaweza kuishika ngoma bila mikono kunata, na chumvi ya jasho haifiki kwenye chuma moja kwa moja. Weusi au ubluu wa bunduki za zamani ni tabaka jembamba la oksidi, si rangi, na peke yake haukingi sana. Unahitaji kitu juu yake. Umalizio wa fosfeti, ule wa kijivu usiong'aa uliotumika wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, una vitundu vidogo vinavyonyonya mafuta na kuyashika, kwa hiyo kwa ngoma za namna hiyo mafuta ya kuzuia kutu yanashindana na nta bila aibu. Kwa uso wenye ubluu, nta inashinda mbali.

Nta haina kazi kwenye mhimili. Inakauka, inakuwa ngumu, na inaleta kukwama kule kule ulikokuwa unakukimbia.

Nikiliweka kwenye jedwali, linakaa hivi:

| Sehemu | Mafuta mepesi | Grisi | Unga mkavu | Nta |
|---|---|---|---|---|
| Mhimili wa rota | Ndiyo, tone moja | Hapana | Penye vumbi tu | Hapana |
| Meno na ulimi | Yanakamuliwa | Kidogo sana | Molibdenamu, vizuri | Hapana |
| Springi | Utando wa kupangusa | Hapana | Haizuii kutu | Hapana |
| Njia ya risasi | Hapana | Hapana kabisa | Teflon, kama lazima | Ndiyo, ikiwa ni ya maonyesho |
| Bati la nje | Kwa fosfeti | Hapana | Hapana | Ndiyo |

Visivyo na nafasi

WD-40 inastahili kutajwa kwa sababu kila mtu anayo. Herufi zake ni kifupi cha kuondoa maji, na tarakimu ni jaribio la arobaini, la mwaka 1953. Kazi hiyo ya kuondoa maji inaifanya vizuri: ngoma iliyolowa, inyunyizie, itafukuza maji kwenye pembe. Lakini inayobaki baada ya kukauka ni utando mwembamba usiodumu. Itumie kama hatua ya kati, kisha ipanguse uweke kilainishi chenyewe. Mafuta ya kula na mafuta ya kitani yanaganda kwa kukutana na hewa, na yakishaganda ni vanishi. Mafuta ya mgando ya kujipaka yanazuia kutu kwa muda, ila yanashika kila unywele na kila uzi wa nguo.

Kufungua au kutofungua

Watu wa kazi hii hugawanyika pande mbili. Wapo wanaosema ngoma ifunguliwe yote kila inaposafishwa, na wapo wanaosema isifunguliwe kamwe, ioshwe kwa kuzungushwa ndani ya kimiminika. Nadhani jibu linatokana na ilivyoungwa. Ngoma yenye kifuniko kinachotoka kwa mkono, kama PPSh na Thompson, ifunguliwe. Ilikusudiwa hivyo, kwani hata kuijaza risasi lazima uifungue. Kilichoungwa kwa ribiti kisiguswe. Nyumba ya springi iliyofungwa kiwandani ina mkanda wa chuma ulio tayari kuruka, na ukiufungua utakata vidole kabla hujajua umefanya nini. Hata kwenye ngoma inayofunguka, hakikisha springi imeachiwa nguvu zake pole pole, mkono ukiwa umeishika rota, si kuiacha izunguke yenyewe mpaka igonge mwisho. Kugonga huko ndiko kunakopinda mikono ya rota.

Kwa kuoshea, mafuta ya taa na maji ya moto havichukui nafasi moja. Mafuta ya taa yanayeyusha grisi ya zamani, pamoja na ile nta ya kahawia ya kuhifadhia silaha ambayo bunduki nyingi zilizokaa maghalani zilipakwa. Mswaki laini, sinia pana, dirisha wazi, moto mbali. Petroli isitumike. Mvuke wake unashika moto kirahisi mno kwa kazi ya mezani. Lakini mafuta ya taa hayagusi chumvi. Risasi nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na fataki za kloreti ya potasiamu, ambayo ikiwaka huacha kloridi ya potasiamu, chumvi inayonyonya unyevu wa hewa na kula chuma. Mabaki hayo huingia hata mdomoni mwa ngoma, hasa kwa bunduki kama PPSh, ambazo bolti yake husukumwa nyuma na ganda la risasi bila kufungwa, na ambazo hutema moshi nyuma. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta wala mafuta ya taa. Inayeyuka kwenye maji. Kwa hiyo ngoma iliyotumiwa na risasi za namna hiyo inaoshwa kwa maji ya moto kwanza, yaliyochujwa madini ukiyapata, inakaushwa kwa hewa ya joto mpaka kila pembe iwe kavu, ndipo mafuta ya taa, ndipo kilainishi. Ngoma ambayo haijapiga risasi kwa miongo mingi na haina dalili ya chumvi haina haja ya maji. Usiilazimishe.

Tahadhari na visafishio vyenye amonia. Vinaondoa madoa ya shaba vizuri, ila amonia inapasua shaba nyeupe ya maganda ya risasi pale yanapokuwa na mkazo. Kama ngoma yako ya maonyesho ina maganda matupu ndani yake kwa ajili ya mwonekano, yatoe kabla.

Msasa na brashi za waya ni marufuku kwa ngoma ya thamani. Kutu jekundu la juu juu linatoka kwa mafuta na kitambaa kikavu, au kwa sufi ya shaba iliyolowa mafuta, ukisugua taratibu na kuangalia kila mara kama weusi wa asili bado upo. Namba na mihuri iliyochapwa kwenye bati ndiyo nusu ya thamani ya ngoma. Ikishafifia hairudi.

Springi ivutwe au iachiwe?

Utasikia kwamba springi ikikaa imevutwa inachoka. Ni kweli kidogo, si kama inavyosimuliwa. Chuma cha springi huchoshwa zaidi na kuvutwa na kuachiwa mara nyingi, au kuvutwa kupita kikomo chake, kuliko kukaa tu. Mkazo wa kudumu hupunguza nguvu taratibu. Hata hivyo kwa ngoma ya kukaa, iachie, kwa sababu nyingine: chuma chenye mkazo na kutu kwa pamoja hupasuka mapema, na ngoma iliyovutwa ni hatari kwa yeyote atakayeifungua bila kujua. Kwa ngoma ya kutumika, fuata idadi ya milio iliyochapwa juu yake. Kuongeza milio miwili ili "isukume vizuri" hakutibu uchafu, kunaifikisha tu springi mahali ambapo haitarudi.

Itakaa wapi

Begi la ngozi la zamani linapendeza pembeni ya ngoma, si kuizunguka. Ngozi hubaki na chumvi na asidi za kuilainisha, na hunyonya unyevu. Turubai nayo hunyonya unyevu. Ngoma na mfuko wake vioneshwe pamoja, vihifadhiwe mbalimbali. Sanduku lenye kifuniko kinachobana, pakiti ya jeli ya silika inayokaushwa mara kwa mara, na unyevu wa hewa chini ya asilimia 50 vinafanya kazi kubwa kuliko kilainishi chochote. Ukilinganisha kabati la wazi lenye ngoma iliyopakwa vizuri na sanduku kavu lenye ngoma iliyopakwa vibaya, nitaiwekea dau ile ya sandukuni. Glavu za nitrili unapoishika, za pamba zinapitisha jasho.

Anayetumia ngoma yake uwanjani kwa leseni na achague mafuta ya sintetiki ya bunduki kwenye mhimili, grisi ya kupaka kwa kijiti kwenye meno, njia ya risasi kavu, na kuisafisha kila inapotumika. Penye vumbi jingi, abadilishe mafuta kwa teflon na grisi kwa molibdenamu. Anayeonesha, nta nje na ndani mpaka njia ya risasi, tone moja la mafuta kwenye mhimili, springi imeachiwa. Anayeifungia kwa miaka mingi, utando wa mafuta mazito ya kuzuia kutu unaruhusiwa mradi aandike kwenye kadi alichopaka na lini, ili atakayeifungua ajue cha kuosha kwanza.

Ukimaliza, ilaze ngoma mdomo chini juu ya karatasi nyeupe usiku kucha. Asubuhi karatasi ikiwa safi, kiasi ni sawa. Ikiwa na doa, fungua upanguse tena. Doa la kahawia badala ya lile la kung'aa maana yake ni kwamba mafuta ya zamani bado yamo ndani, na hapo unarudi kwenye sinia la mafuta ya taa.